Kufuatilia Kutitia kwa Ardhi Juu ya Machimbo kwa Droni na Levo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mpimaji kijana aliyekabidhiwa kazi katika kijiji kimoja mkoani Geita, ambako maduara (mashimo ya kuchimbia dhahabu) ya zamani ya wachimbaji wadogo yamepita chini ya barabara ya vumbi na chini ya nyumba za watu. Alikuwa na droni nzuri na kompyuta yenye nguvu, lakini ramani aliyoitoa ilionyesha kwamba kijiji kizima kimeshuka sentimita 11 kati ya upimaji wa kwanza na wa pili, pamoja na jabali la granite lililo mbali kabisa na machimbo. Jabali haliwezi kushuka kiasi hicho kwa miezi michache. Kilichoshuka kilikuwa rejea ya vipimo vyake, na ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Nachukulia kwamba msomaji anajua kurusha droni, kusimamisha levo (darubini ya kupimia tofauti za urefu) na kutumia kipokezi cha GNSS (setilaiti za kutafutia nafasi, kama GPS), kwa hiyo hayo sitayaeleza.

Hatua ya kwanza: Amua unatafuta mdidimio wa aina gani

Ardhi iliyochimbwa chini hushuka kwa namna mbili zisizofanana. Juu ya mgodi wenye kina kirefu uliochimbwa kwa upana, hasa wa makaa ya mawe, ardhi hushuka kwa umbo la sinia: katikati hushuka zaidi, kingo hushuka kidogo, na mwendo wake hupimika kwa wiki na miezi. Juu ya maduara yenye kina kifupi, ambayo matimba yake (magogo ya kushikilia paa) yameoza na hakuna aliyeyafukia, paa la shimo hubomoka kipande kwa kipande kuelekea juu huku uso wa ardhi ukiwa haujaonyesha lolote, mpaka udongo uliobaki unaposhindwa kujibeba na shimo kufunguka kwa mara moja.

Droni na levo hufaa sana kwa namna ya kwanza. Kwa namna ya pili husaidia kuonyesha dalili, kama vile nyufa za mviringo, kibonde kidogo kisichokuwapo awali au maji yanayotuama mahali papya, lakini hazimpi mtu uhakika. Asiambiwe mwenye nyumba kwamba yuko salama kwa sababu tu ramani ya mwezi uliopita haina rangi nyekundu juu ya paa lake.

Angalia pia ni nini kilichokaa juu ya eneo linaloshuka. Katika mgodi wa Mufulira nchini Zambia, tarehe 25 Septemba 1970, matope ya mabaki ya uchenjuaji yaliyokuwa yamerundikwa juu ya sehemu iliyochimbwa yalipata njia na kumiminika chini ya ardhi, na wachimbaji 89 wakafa. Palipo na bwawa la mabaki au dimbwi la maji juu ya machimbo, anza kupima hapo kabla ya kwingine kokote.

Hatua ya pili: Vibali

Kwa Tanzania, droni husajiliwa na kuombewa kibali cha kuruka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na idhini ya Wizara ya Ulinzi huhitajika pia. Ongeza ruhusa ya mwenye leseni ya uchimbaji na taarifa kwa serikali ya kijiji. Anza mapema, kwa sababu karatasi hizi huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Hatua ya tatu: Weka alama rejea mahali pasipotikisika, kisha uzigandishe thamani zake

Kupima kutitia ni kulinganisha urefu wa leo na urefu wa jana, na ulinganisho huo una maana ikiwa tu kuna kitu kimoja ambacho hakikusogea. Kitu hicho ni alama rejea. Wapimaji wengi huipa nusu saa, halafu wakatumia siku nzima kwenye droni. Mimi ningependa wafanye kinyume chake.

Kwanza, zikae wapi? Ziwe nje ya eneo la athari. Athari ya uchimbaji haiishii wima juu ya ukingo wa mgodi, bali hutanuka kwa pembe kuelekea nje kadiri inavyopanda. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza pembe hiyo ilikuwa ikichukuliwa kuwa takriban nyuzi 35 kutoka wima, na ingawa mwamba mgumu wa machimbo ya dhahabu kwa kawaida huwa na pembe ndogo zaidi, mimi hutumia 35 hiyohiyo kwa ajili ya tahadhari. Hesabu ni nyepesi: zidisha kina cha machimbo kwa tanjenti ya pembe. Machimbo yenye kina cha mita 100 yatakutaka uondoke angalau mita 70 kutoka ukingo wake, na mimi huongeza nusu ya umbali huo tena. Shida ya machimbo ya wachimbaji wadogo ni kwamba hakuna ramani inayoonyesha ukingo uko wapi, kwa maana njia za mlalo hufuata mshipa wa dhahabu na huweza kutokeza chini ya duara la jirani. Kaa na wenye maduara na wazee waliowahi kushuka, uwaombe wakutembeze juu ya ardhi wakionyesha kwa mkono walikopita chini. Watapishana kwa mita kadhaa, nawe uchukue lile dai la mbali zaidi.

Pili, zikae juu ya nini? Kanda ya Ziwa ina neema ya majabali ya granite yaliyochomoza, na hapo ndipo pa kuweka alama: toboa mwamba, chomeka kipande cha nondo chenye kichwa cha mviringo, kijazie saruji. Usiweke alama rejea kwenye udongo wa mbuga. Udongo huu mweusi wa mfinyanzi huvimba mvua zikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi, na uso wake huweza kupanda na kushuka kwa sentimita kadhaa bila duara lolote kuwa karibu. Mtu akipima Oktoba udongo ukiwa na mianya inayomeza kiganja, kisha akarudi Aprili, atatangaza kwamba ardhi imenyanyuka. Ikiwa huna budi kuweka alama kwenye mbuga, chimba hadi upite tabaka linalovimba, simamisha nondo ndefu juu ya saruji iliyo chini, na uizungushie bomba la plastiki ili udongo unaovimba usiishike na kuipandisha. Kanuni hiyohiyo inahusu alama ndogondogo utakazopima ndani ya eneo la athari: kigingi cha mti kilichopigwa nyundo kwenye mbuga hupima mvua tu.

Tatu, ziwe ngapi? Zisipungue tatu. Alama moja ikisogea huwezi kujua. Mbili zikipishana hujui ni ipi iliyosogea. Tatu hukuwezesha kumtambua mkosaji. Kila unapofika eneo la kazi, kabla hujafungua hata sanduku la droni, unganisha alama hizo tatu kwa levo na ulinganishe tofauti zake za urefu na zile za mwanzo. Zikipishana kwa zaidi ya milimita chache, usiruke. Tafuta kwanza kilichotokea, kwa sababu mara nyingi kuna lori lililogonga, mtoto aliyegonga kwa jiwe, au mtu aliyeona nondo na kukumbuka kwamba chuma kinauzika.

Nne, thamani za alama zipatikane mara moja kisha zigandishwe. Kipokezi cha GNSS kinachosimamishwa kama kituo cha rejea huwa na kitufe kinachokifanya kijipatie nafasi chenyewe kwa sekunde chache, na kitufe hicho kinavutia sana jua likiwa kali. Nafasi inayopatikana hivyo huweza kukosea kwa mita moja au zaidi, na kila ukikibonyeza itakosea kwa kiasi tofauti, nayo droni na alama zote zitafuata kosa hilo kwa utiifu kamili. Ndani ya siku moja kila kitu kitapatana vizuri, na ndiyo sababu kosa halionekani. Hujitokeza tu unapolinganisha awamu mbili za upimaji.

Njia ninayoifuata ni kuacha kipokezi juu ya alama rejea kwa saa nyingi, sita au zaidi, kisha kuchakata data zake kwa huduma ya mtandaoni inayotumia obiti sahihi za setilaiti, na kuipata nafasi ndani ya sentimita moja au mbili. Namba hizo huandikwa daftarini na hazibadilishwi tena. Wapo wanaorudia hesabu hiyo kila mwaka wakiamini kwamba wanaiboresha, ilhali huduma hizo hutoa nafasi katika mfumo wa dunia nzima, ambamo bamba la Afrika lenyewe husogea kuelekea kaskazini mashariki kwa takriban sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Ukirudia hesabu baada ya miaka miwili, jabali lako litaonekana limesafiri. Ikiwa kazi inapaswa kuunganishwa na ramani za taifa, ipeleke kwenye TAREF11, mfumo rejea wa nafasi wa Tanzania, mara moja tu, mwanzoni, na uandike ulivyofanya.

Tano, usichanganye aina za urefu. GNSS hutoa urefu juu ya elipsoidi (umbo laini la kihesabu linalowakilisha dunia), levo hufuata usawa wa bahari, na kati ya viwili hivyo kuna tofauti ya mita nyingi ambayo hutolewa na modeli ya geoidi, yaani ya uso wa usawa huo wa bahari. Awamu ya kwanza ikitumia modeli moja na ya pili nyingine, au programu moja ikiongeza modeli hiyo bila kukuuliza, utapata ardhi iliyoshuka au kupanda kila mahali kwa kiasi karibu sawa. Kwa kazi ya kutitia mimi hubaki kwenye urefu wa elipsoidi kwa data zote za droni, nikabadilisha mwishoni tu ikiwa mteja anataka.

Sita, urefu wa antena. Andika umepima kutoka alama hadi wapi: kitako cha antena, ukingo wake au alama iliyochorwa ubavuni. Andika pia kama utepe ulikuwa wima au ulilala kuelekea ukingoni. Piga picha ya utepe ukiwa mahali pake. Zile sentimita 11 za yule kijana zilikuwa humu kwa sehemu kubwa: mara ya kwanza alipima hadi kitako, mara ya pili mwenzake akapima hadi sehemu nyingine, na programu ikaambiwa kwamba ni jambo moja.

Hatua ya nne: Tandika alama za ardhini

Wapo wauzaji wanaosema kwamba droni yenye RTK (kusahihisha nafasi ya GNSS papo hapo ikiwa angani) haihitaji alama za ardhini, yaani vibao vyenye nafasi iliyopimwa vinavyoonekana kwenye picha. Kwa ramani ya shamba, sawa. Kwa kutitia sikubaliani, kwa sababu RTK huijua nafasi ya kamera vizuri lakini haikagui umbali wa fokasi wa kamera, na kosa dogo la fokasi huingia moja kwa moja kwenye urefu.

Tumia vibao vya miraba ya nyeusi na nyeupe, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 50 au 60. Kwa eneo la hekta 50, alama 12 hadi 15 zinatosha, zikiwa zimesambaa hadi pembezoni na katika miinuko tofauti. Theluthi moja usizitumie katika hesabu. Ziache ziwe alama za ukaguzi zitakazokuambia ukweli baadaye. Alama zilizo ndani ya eneo la athari lazima zipimwe upya kila awamu, kwa kuwa nazo zinashuka. Kutumia namba zake za zamani ni kuiambia programu kwamba ardhi haijashuka, nayo itakutii. Mbuzi hupenda vibao vya plastiki na watoto huvipenda zaidi, kwa hiyo juu ya mwamba paka rangi.

Hatua ya tano: Ruka

Chagua droni yenye kamera ya shata ya mitambo, kwa mfano Phantom 4 RTK au Mavic 3 Enterprise, kwa maana shata ya kielektroniki inayosoma picha mstari kwa mstari hupinda picha droni ikiwa mwendoni. Kwa Phantom 4 RTK, gawanya kimo cha mita kwa 36.5 upate ukubwa wa pikseli ardhini kwa sentimita: ukiruka mita 73, pikseli moja ni sentimita 2. Mwingiliano wa picha uwe asilimia 80 mbele na 70 ubavuni, ruka kwa kufuata mwinuko wa ardhi, na tumia mpango uleule wa safari kila awamu.

Jambo moja linahitaji mkazo. Picha zote zikielekea chini wima na zikapigwa kwa mistari inayolingana, programu huweza kukosea kukadiria upindaji wa lenzi, na matokeo yake ni uso mzima uliovimba au uliozama katikati kwa sentimita kadhaa. Umbo hilo ni lilelile la sinia tunalolitafuta. Mpimaji asiye mwangalifu atalishangilia. Dawa yake ni kuongeza safari ya pili inayokata ya kwanza kwa msalaba, kamera ikiwa imeinuliwa nyuzi 20 hadi 30 kutoka wima, pamoja na alama za ardhini katikati ya eneo na si pembezoni tu.

Ruka wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Picha haioni ardhi chini ya mahindi, na hakuna programu itakayoifikia. Asubuhi upepo ni mdogo lakini vivuli ni virefu. Mimi hupendelea saa nne hadi saa sita.

Hatua ya sita: Chakata

Programu ya WebODM, inayogeuza picha kuwa modeli ya ardhi, ni ya bure na inatosha kwa wengi. Metashape inalipiwa, lakini inakuruhusu kuichunguza kamera kwa undani, nami huitumia kwa kazi hii. Mipangilio iwe ileile kwa awamu zote. Ondoa miti, mazao na mapaa kwenye wingu la nukta (nukta nyingi zenye urefu zinazotokana na picha) kabla ya kutengeneza modeli ya ardhi.

Hatua ya saba: Toa uso mmoja kutoka mwingine

Katika programu ya ramani ya QGIS, kikokotoo cha rasta (ramani ya vimraba vyenye namba) kitafanya kutoa kwa dakika moja. Kinachohitaji akili ni kujua tofauti ipi ni ya kweli. Chukua kosa la wima la alama za ukaguzi katika kila awamu: tuseme ni sentimita 3 awamu ya kwanza na sentimita 4 awamu ya pili. Mraba wa kila moja ukijumlishwa na kutafutiwa kipeuo cha pili, unapata 5. Zidisha kwa 1.96, unapata takriban sentimita 10, na hicho ndicho kikomo cha ugunduzi. Chini ya hapo usiseme ardhi imeshuka, hata kama ramani imepakwa rangi za kuvutia. Mimi huacha sehemu yote iliyo kati ya −10 na +10 iwe nyeupe, na humkatalia mteja anayeomba irembwe.

Kisha fanya jaribio la jabali. Kata vipande kadhaa vya ardhi isiyoguswa na uchimbaji, kama majabali au uwanja mgumu ulio mbali, na utafute wastani wa tofauti juu yake. Uwe karibu na sifuri. Ukiwa −11, rudi hatua ya tatu. Usishawishike kuongeza 11 kila mahali ili mambo yapendeze, mpaka umejua chanzo chake, kwa sababu kosa huenda limeinama upande mmoja, na ukisahihisha kwa namba moja utatengeneza jingine.

Kwenye miteremko jihadhari zaidi: modeli mbili zikiwa zimepishana kwa mlalo kwa sentimita 5 tu, mteremko wa nyuzi 30 utaonyesha mshuko wa uongo wa karibu sentimita 3.

Hatua ya nane: Levo kwa yale ambayo droni haiyaoni

Mshuko usio sawa wa milimita 20 kwa mwaka unatosha kupasua ukuta wa matofali ya kuchoma, na droni haitauona. Levo itauona. Kwa kasi ndogo namna hiyo, levo ya kawaida yenye umri wa miaka ishirini ina thamani kuliko droni mpya, na sioni haya kuwaambia hivyo wanaoniomba ushauri wa manunuzi.

Panga mistari miwili inayokatana katikati ya eneo la athari, alama zikiwa kila mita 20, na kila mstari uanzie na uishie kwenye alama rejea. Umbali wa nyuma na wa mbele kutoka levo hadi stafu (fimbo yenye vipimo) ulingane na usizidi mita 40. Weka sahani ya chuma chini ya stafu kwenye udongo laini, na acha kazi hewa inapoanza kucheza juu ya ardhi. Tofauti ya kufunga mzunguko nisiyokubali kuvuka ni milimita 4 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mzunguko kwa kilomita. Kwa kilomita 1.5 ni karibu milimita 5. Ikizidi, rudia.

Data za setilaiti za rada za Sentinel-1 ni za bure na husaidia kutazama wilaya nzima, lakini mawimbi yake ya sentimita 5.6 huvurugwa na mimea, na duara moja ni dogo mno kwake. Zitumie kuchagua pa kwenda, basi.

Hatua ya tisa: Nyufa na taarifa

Kwa kila ufa uliopo, piga misumari miwili kwenye saruji, mmoja kila upande, na upime umbali kati yake kwa kalipa kila wiki. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kufundishwa kazi hii asubuhi moja, na daftari lake la shule lenye tarehe na milimita litakuwa na taarifa za wiki ambazo wewe hukuwapo.

Katika taarifa usiishie kwenye kiasi cha mshuko. Nyumba inayoshuka yote kwa usawa haipasuki. Kinachoipasua ni tofauti kati ya upande mmoja na mwingine. Alama mbili zilizo umbali wa mita 20 zikipishana kwa milimita 60, mwinamo ni milimita 3 kwa kila mita, na namba hiyo ndiyo mhandisi wa majengo atakayoiuliza. Andika pia kikomo cha ugunduzi, matokeo ya jaribio la jabali na tofauti za alama rejea tatu, ili atakayekuja baada yako aweze kuyakagua. Nakala ipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa, kwa mwenye leseni na kwa serikali ya kijiji, nayo hii ya mwisho iwe na ramani moja kubwa inayotaja nyumba kwa majina ambayo wanakijiji wanayajua.

Ukikuta nyufa za mviringo zinazozunguka mahali pamoja, au sauti ya udongo kudondoka chini ya ardhi, usisubiri uchakataji wa picha. Zungusha utepe, watu watoke, na simu kwa ofisi ya madini ipigwe siku hiyohiyo.